Chatu Mwenye Mimba Aachwe Apumzike

Wahenga hawakukosea waliponena ya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa maoni yangu, methali hii inamfaa sana nyoka anayefugwa. Ukimshika, halii. Ukimtundika shingoni upigwe picha, habweki wala hapigi teke. Basi watu husema, "Si unaona amezoea? Huyu anapenda watu." Wapi! Nyoka hana sauti ya kusema amechoka, na wakati wa kuzaa ndipo anapohitaji zaidi kuachwa.

Mtazame chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye hukamatwa Ghana, Togo na Benin na kuuzwa Marekani na Ulaya ili afugwe majumbani. Akishikwa na hofu, hujikunja akawa kama mpira, kichwa akakificha katikati. Watoto hucheka wakidhani ni mchezo. Kumbe ni woga mtupu!

Msomaji mpendwa, utaniuliza: kushikwa kunahusianaje na uzazi? Kwanza, kwa chatu, kuguswa ni lugha. Chatu dume ana vikucha viwili vidogo karibu na mkia, mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zake. Wakati wa kupandana humkwaruza jike polepole kwa vikucha hivyo. Msimu huo madume wengi hususia chakula na kuzungukazunguka wakitafuta jike. Mfugaji stadi akiona hivyo, huwaacha watulie.

Pili, kuna jambo la joto. Mwili wa nyoka hutegemea joto la nje. Jike mwenye mimba hutafuta mahali penye joto akatulia hapo, maana mayai yaliyo tumboni yanalihitaji ili yakue vyema. Sasa wewe ukimtoa pale kila mara apokezanwe na wageni, unampokonya kitu kile kile anachokitafuta.

Tatu, akishataga, kazi haijaisha. Chatu wetu mkubwa wa Afrika huyazungushia mayai mwili wake na kuyalinda kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu. Mwaka 2018, mtaalamu Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alichapisha utafiti wake kuhusu chatu wa mbuga ya Dinokeng, Afrika Kusini. Aligundua kuwa mama hutoka kuota jua, ngozi yake ikiwa imegeuka karibu nyeusi, kisha hurudi kuyapa mayai joto hilo. Yakianguliwa, hukaa na watoto kwa kiasi cha majuma mawili, nao usiku hulala katikati ya mikunjo yake. Katika kipindi hicho chote cha uzazi, karibu nusu mwaka, hali kitu. Hukonda vibaya, na huweza kumchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kutaga tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi!

Katika ziara moja niliyokwenda, kituo fulani kilikuwa na chatu jike ambaye wageni walipokezana kama mpira wa netiboli, kila mmoja akilipia picha. Mwenzetu alipouliza kama ana mimba, mtunzaji alijibu eti hajui. Roho iliniuma. Kama mtunzaji hajui, nani ajue?

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba mtu akimshika nyoka, hofu humtoka, na akirudi kijijini hatamponda kila nyoka kwa rungu. Hilo ni kweli, nami nalikubali. Pia ni kweli kwamba nyoka aliyezaliwa kizuizini huweza kuzoea mikono, na kwamba mtunzaji lazima amshike mara kwa mara ili amsafishie na kumkagua kupe. Lakini je, ni lazima somo hilo lifundishwe na mama mwenye mimba? Si wapo wengine?

Napendekeza mambo matatu. Kila kituo kiwe na daftari la kuandika nyoka yupi amepandwa na lini. Jike mwenye mimba au anayeatamia atengwe, na kibao kiwekwe: "Usiguse." Nasi wanafunzi, kabla ya kunyoosha mkono, tuulize kwanza. Kuuliza si ujinga. Na kwa wale wenzangu wanaotamani kufuga nyoka nyumbani, wajue kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hapa Kenya hairuhusu bila kibali.

Jamani, kuku akiatamia, hakuna mama anayemruhusu mtoto amsumbue. Tunajua kabisa kwamba akisumbuliwa, vifaranga tutavikosa. Chatu naye ni mzazi. Heshima tunayompa kuku, tumpe na yeye, hata kama hatupendi sura yake.