Kukokota nyumba hadi Malinya

Safari si jambo geni kwetu watu wa pwani. Kabla ya reli na kabla ya lami, misafara ilitoka mwambao huu ikaenda bara hadi kwenye Ziwa. Mwaka 1883, Joseph Thomson alipotoka Mombasa, aliandamana na wapagazi wa pwani na Unguja, na njia yao ikawafikisha Kwa Sundu, mji uliokuja kuitwa Mumias. Waislamu wa pwani walifanya biashara huko, na dini waliyokwenda nayo ipo mpaka leo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Kiongozi wa msafara alijua kwamba mtu akizidishiwa mzigo atalala njiani, na msafara mzima utalala naye.

Nayakumbusha haya kwa sababu umezuka msafara wa namna nyingine. Mtu hununua trela dogo lenye vitanda na jiko ndani, akalifunga nyuma ya gari lake la kawaida, akapakia mke na watoto, akaondoka. Wazungu walianza zamani. Mwaka 1885 daktari mmoja Mskochi, William Gordon Stables, aliundiwa gari-nyumba la kukokotwa na farasi, akatembea nalo Uingereza kwa starehe zake. Leo farasi ni injini, na mtindo umetufikia hata sisi.

Mimi siupingi. Mwenye watoto wadogo, au mama mzee asiyeweza kukaa kitako siku nzima, anajua raha ya kusimama penye usalama, akatia udhu kwa maji yake mwenyewe, akasali, akapumzika pasipo macho ya watu. Lakini nimesafiri na trela hilo, na nimeona mambo mawili ambayo ni lazima niyaseme.

Mwana wa dada yangu ameoa Malinya, kule Ikolomani katika Kakamega, kwa Waidakho. Disemba moja alinichukua twende kuwaona wakweze. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Sisi watu wa pwani hatuendi ukweni mikono mitupu. Basi magunia ya nazi, sukari, tende, mikeka, halwa, vyote vikatiwa ndani ya trela, na vizito vikawekwa nyuma kabisa karibu na mlango kwa kuwa ndipo palipokuwa rahisi.

Tulipokuwa baina ya Voi na Mtito Andei basi moja likatupita kwa kishindo. Trela likaanza kupiga mkia kama papa aliyenaswa, na gari letu nalo likafuata. Mama yake mpwa wangu akapiga shahada. Kijana alitaka kukanyaga breki, nami nikamkataza kwa sauti. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani bila kushindana nao, na mwendo ukapungua wenyewe mpaka tukatulia.

Tulisimama tukafungua mlango, na aibu ikatushika. Mzigo mzito ukikaa nyuma huinua kichwa cha trela, na kichwa kikiwa chepesi mkia ndio unaotawala. Vitu vizito hukaa chini sakafuni, juu ya magurudumu au mbele yake kidogo. Trela la kilo 700 yafaa liweke kilo 50 hadi 70 juu ya chuma cha kuvutia, mradi gari lenyewe linaruhusu uzito huo. Madereva wa Uingereza walio wageni wa kazi hii hushauriwa uzito wa trela usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Je, ni wangapi kwetu waliowahi kulipima trela kwenye mizani? Tunalipima kwa macho, na macho hayajui kilo.

Tulipanga upya, tukaenda pole pole. Ikaja barabara ya kushukia Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakaacha kikanisa chao kidogo chini ya mteremko. Pale trela lisilo na breki zake lenyewe humsukuma dereva kutoka nyuma. Tuliingiza gea ndogo tangu juu, maana breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto hata zikakataa kushika. Na kupanda nako kuna mtihani wake. Injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo. Gari linalovuta vizuri Likoni litahema likipanda Mau.

Hilo ni la kwanza. La pili lilitukuta Malinya, uwanja wa ng'ombe dume wanaopiganishwa kwa ngoma za isukuti. Hizo ni ngoma za Waisukha na Waidakho ambazo mwaka 2014 ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya mila zinazohitaji kulindwa upesi.

Njia nzima nilikuwa na wasiwasi kwamba kulala ndani ya trela uani kwa watu kungekuwa tusi. Kumbe nilikosea. Mzee wa boma alicheka. Kwao mkwe halali chini ya dari moja na mama mkwe, kwa hiyo kijana aliyekuja na malazi yake alikuwa amewapunguzia taabu. Lakini jioni mke wa mpwa wangu alipowasha jiko la trela ili atupikie wali, uso wa mama yake ulibadilika. Hakusema neno. Alikwenda akamkamata jogoo, akamkabidhi mpwa wangu pamoja na kisu, amchinje kwa mkono wake mwenyewe ili sote tule pasipo shaka. Jiko letu likazimwa, na halikuwashwa tena hata siku tuliyoondoka.

Pale ndipo nilipofahamu. Nyumba ya kukokota ni nzuri kwa njia. Ukifika kwa watu ni ya usingizi tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni amekuja na chumvi yake, maji yake na mlango wa kujifungia? Tukizoea hivyo, watoto wetu watakuwa wamefika kwa babu yao pasipo kumjua babu.

Basi ndugu yangu, ukitaka kuivuta nyumba yako, ivute. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali, nawe kagua chuma, minyororo, taa na matairi kabla ya kusoma dua yako ya safari. Pakia kidogo. Ukifika, acha mlango wa trela wazi, uingie kwa wenyeji ukale chao.

Sisi tulirudi na ndizi, karanga na kuku watatu hai. Safari hiyo ndizi tulizipanga juu ya magurudumu.