Picha za Kale na Picha za Kuzeeshwa



Muhula huu jambo moja limezungumzwa sana darasani na mabwenini hapa Mpuguso. Wenzetu wa Kidato cha Nne wataka picha zao za mahafali zitengenezwe zifanane na picha za kale, yaani ziwe na rangi ya kahawia, kingo zimefifia, na nyuso zimetulia kama za wazee wa zamani. Wengine wanawacheka, wakisema huo ni upuuzi. Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu, maana jambo hili limenifika nyumbani.

Kwanza nakiri kwamba picha za namna hiyo hupendeza. Sisi vijana tumekua katika zama za simu. Wakati wa likizo mtu hupiga picha hamsini kwa siku moja, na kesho haikumbuki hata moja. Wazee wetu walipiga picha moja kwa miaka mingi. Walioga, wakavaa nguo njema, wakaenda mjini kwa mpiga picha. Basi si ajabu tukiitamani heshima ile. Lakini heshima ile haikutoka katika rangi.

Nitawaeleza yaliyotupata. Babu yangu mzaa baba alifariki kabla sijazaliwa. Alikuwa kibarua katika ujenzi wa reli ya TAZARA, uliofanyika baina ya mwaka 1970 na 1975. Tunayo picha yake moja tu, ndogo, nyeusi na nyeupe. Amesimama mbele ya ukuta, jua linampiga usoni, amefinya jicho moja. Ana kovu juu ya nyusi, na shati lake limepungua kifungo. Nyuma ameandika kwa penseli, kwa mkono wake mwenyewe: Mbeya, 1974.

Likizo iliyopita kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alitaka kumfurahisha Bibi. Aliipiga picha ile kwa simu, akaitia katika programu ya kutengeneza picha za kale, akaichapisha kubwa na kuitia fremu. Kwa kweli ilipendeza. Ilikuwa ya kahawia, na babu alikuwa amevaa koti na tai. Macho yote mawili yalikuwa wazi, na kovu halikuwapo. Sote tukasifu.

Bibi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu mzee ni nani?"

Kaka akajibu, "Ni babu, Bibi."

Bibi akasema, "Babu yenu alikuwa na kovu. Jeraha lile nililiosha mimi. Huyu hakupata kuumia."

Tukanyamaza. Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya picha, na nimesoma kidogo.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Vyombo vya mwanzo vilikuwa vizito kunasa mwanga, hata mtu alilazimika kukaa kimya kwa muda mrefu asije akatokea kama moshi. Hiyo ni sababu moja ya utulivu tunaouona katika nyuso zile. Na rangi ya kahawia je? Picha za karatasi zilifanywa kwa madini ya fedha. Mafundi wengine waliigeuza fedha ile kwa dawa yenye salfa, ikawa ya kahawia na kudumu zaidi bila kufifia. Basi rangi tunayoiiga leo ili picha ionekane imechakaa, wao waliitia ili isichakae!

Tena, babu alipigwa picha mwaka 1974, na picha yake haikuwa ya kahawia. Simu ilimrudisha nyuma mpaka siku za Wadachi, wakati Tukuyu ilipoitwa Neu-Langenburg. Siku zile daktari mmoja Mjerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi yetu akiwa na kamera, na mwaka 1906 kitabu chake juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma kilichapwa Berlin. Katika picha nyingi za wakati wa ukoloni, aliyepigwa ametajwa kwa kabila lake tu. Jina lake halikuandikwa. Ni picha za kale kweli kweli, lakini wajukuu wa watu wale hawawezi kuwatambua. Kasoro hiyo sisi twaweza kuiepuka kwa penseli ya shilingi chache.

Kwa hiyo sisemi wenzetu wakatazwe. Wakitaka sura ya kale, wakae karibu na dirisha penye mwanga mzuri, nyuma yao litundikwe shuka lisilo na maua, watulie, kisha rangi iondolewe. Hayo yatosha. Lakini simu isiguse uso wa mtu. Picha ya asili itunzwe kama ilivyo. Na nyuma ya kila nakala iandikwe jina, mahali na mwaka. Picha hizo ziwekwe pakavu, mbali na moshi wa jikoni, maana mvua zetu za Rungwe huleta ukungu hata ndani ya sanduku.

Wengine watasema, ni mchezo tu, una dhara gani? Nawajibu hivi. Ile picha kubwa ingali ukutani kwetu, kwa sababu wageni huipenda. Wadogo zangu wakiulizwa babu alikuwaje, huionyesha hiyo, na kusema alikuwa mtu wa koti na tai. Bibi amekwisha kuzeeka. Siku atakapoondoka, hatakuwapo wa kuwaambia habari za kovu.

Ndugu zangu wa Kidato cha Nne, picha zenu zitazeeka zenyewe, msiwe na haraka. Mwaka 2070 mtoto atakapoigeuza picha yako atazame nyuma, akute jina lako. Hapo ndipo itakapokuwa picha ya kale.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu