Ranganathan na Sarufi ya Uainishaji

Shiyali Ramamrita Ranganathan (1892–1972) hutajwa katika kozi za ukutubi, na ni nadra kutajwa katika zile za isimu. Hilo ni pengo, kwa kuwa kazi yake kuu ilikuwa, kimsingi, ya kisarufi.

Alikuwa mwalimu wa hisabati alipoteuliwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, kisha akaenda London kusomea kazi hiyo. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, aliona katika duka la Selfridges kichezeo cha Meccano: vipande vichache vya chuma vinavyounganishwa kuwa vyombo vingi. Mfumo wake wa Nukta Mbili, uliochapishwa mwaka 1933, wafuata mantiki hiyo. Mada haitafutiwi namba iliyokwisha kuorodheshwa. Huchanganuliwa vipengele vyake, kisha namba huundwa kwa kuviunganisha. Baadaye alivipanga vipengele hivyo katika kategoria tano: dhati, maada, nishati, mahali na wakati.

Mjuzi wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuielewa hoja hii. Hakuna anayelitafuta neno hawatakisoma katika kamusi. Ukanushi, nafsi, njeo, yambwa na mzizi vina nafasi zake, na mzungumzaji huliunda neno anapolihitaji. Mfumo wa Dewey wa mwaka 1876 unakaribia kamusi inayojaribu kuorodhesha maneno yote ya aina hiyo. (Majedwali yake saidizi hupunguza kasoro hiyo, hayaiondoi.) Aliyeorodhesha ndiye aliyeamua kipi kipewe nafasi pana: Kiingereza kina 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kiswahili kimo katika 496.392, ndani ya 490, kifungu cha lugha nyinginezo, pamoja na Kiarabu na Kichina.

Ranganathan naye ana udhaifu. Dhati aliitambua kwa kuangalia kinachosalia baada ya kuondoa kategoria nyingine, utaratibu ambao mwalimu wa sintaksia asingeukubali kwa mwanafunzi wake. Namba zake ni ndefu, na nje ya India mfumo wenyewe haukuenea sana. Mbinu yake ndiyo iliyoenea, na leo imo katika katalogi za kompyuta zinazomruhusu msomaji kuchuja matokeo kwa lugha, mahali na kipindi.

Wanaoingiza miswada ya Kiswahili katika katalogi hizo hawana budi kuamua jambo ambalo mkutubi peke yake hawezi kuliamua: utendi ulioandikwa kwa Kiamu, neno Amu liwekwe chini ya mahali, au chini ya lugha?