Filamu ya woga isimtupe mtoto barabarani

Katika komini za Likasi, toka Kikula mpaka Panda na Shituru, kijana mwenye simu nzuri anaweza leo kupiga filamu. Woga ndiyo bidhaa inayouzwa upesi: usiku, makaburi, unga mweupe usoni, kelele. Hakuna ubaya, watu hupenda kuogopa wakiwa wameketi pamoja. Shida inaanza pale hadithi inapomtafuta mwenye kosa, na mara nyingi anapatikana bibi kizee ao mtoto wa nyumba hiyo hiyo.

Wengine wanasema ni umaskini: mwenye franka kidogo hana hadithi nyingine. Wanakosea. Kule Tanzania, Mussa Banzi alijipatia jina kwa filamu za kutisha za bei ndogo, kama vile Nsyuka na Shumileta ya mwaka 2005. Katika Shumileta anayetisha ni jini wa kike. Mtazamaji anaogopa, anazima mashine, na hana sababu ya kumtazama mtoto wa dada yake kwa jicho baya.

Kule Kampala, Isaac Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake nyumbani, Wakaliga. Filamu yake ya mapigano, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, inasemekana iligharimu dola 200 hivi. Bunduki zilitengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu. Damu ikawa rangi ya chakula ndani ya kondomu. Trela ikasambaa dunia nzima. Mtu huyu alikosa pesa, hakukosa mawazo.

Tena kuna mzaliwa wa Lubumbashi, kilomita 120 hivi toka hapa. Baloji, ambaye jina lake tu linawakumbusha watu walozi, alipiga Omen, iliyopata zawadi Cannes mwaka 2023. Ndani yake yuko mtu ambaye jamaa yake mwenyewe inamhesabu kuwa mlozi tangu utoto. Woga uko palepale, lakini umegeuka: mtazamaji anawaogopa wale wanaonyoosha kidole.

Na si maneno ya sinema tu. Katiba ya mwaka 2006, katika kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Lakini mama anayetazama jioni filamu ambamo mtoto anakiri kwamba anakula watu, hana sheria hiyo mkononi. Ana mtoto anayekojoa kitandani, ana mume aliyepoteza kazi, na sasa ana jibu aliloonyeshwa.

Kwa hiyo wanaopiga filamu hapa, na wenye televisheni wanaozipitisha, wajiulize kabla ya kuwasha kamera: nani atalala nje kwa sababu ya hadithi hii?

Vitisho havikosekani Likasi. Mashimo ya wachimbaji yanaanguka na watu ndani. Na karibu na mji kuna Shinkolobwe, ilikotoka urani ya bomu la Hiroshima, mgodi uliofungwa ambao watu bado wanautaja kwa sauti ya chini. Zimwi la namna hiyo linatosha filamu kumi, bila kumgusa mtoto wa mtu.