Tuwaamshe Watoto kwa Alfajiri bila Kuwatisha



Kwa muda mrefu niliwaamsha wanangu kwa kugonga mlango wao kwa bakora, nikiamini kuwa natekeleza wajibu wa mzazi. Asubuhi moja ya baridi, kama zilivyo nyingi katika milima yetu ya Tarime, mwanangu wa miaka minane aliketi kitandani akitetemeka, akaniuliza: "Baba, kwani tumekosa nini?" Sikuwa na jawabu. Niliswali siku ile moyo wangu ukiwa mzito, kwani mtoto alikuwa ameujua wito wa Swala kwa kishindo tu.

Tukumbuke kwamba katika mji wa Madina, zama za Mtume (s.a.w.), Alfajiri ilikuwa na waadhini wawili. Bilali (r.a.) aliadhini usiku ungalipo, ili aliyelala azinduke; kisha Ibn Ummi Maktum (r.a.) akaadhini alfajiri ilipoingia. Hapo pana funzo kubwa la malezi: usingizi huondolewa kwa hatua.

Kwa funzo hilo nilitengeneza saa ya nyumbani. Nilichukua simu ya vitufe, nikaitegesha ilie mara mbili, nikailaza juu ya khanga iliyokunjwa ndani ya boksi la viatu, na kifuniko nikakitoboa matundu machache. Mlio wa kwanza hulia dakika 15 kabla ya wakati, boksi likiwa limefunikwa, nao husikika kana kwamba watoka mbali. Mama yao huwasha taa ya sola akaielekeza ukutani, ili mwanga usiwapige machoni. Alfajiri ikiingia, mlio wa pili huanza. Nami hufunua boksi, sauti ikapanda. Kisha humwita kila mtoto kwa jina lake, mkono wangu ukiwa begani mwake.

Mambo mawili yazingatiwe. La kwanza ni wakati. Wengi wetu vijijini, ambako adhana ya msikiti haifiki, hutegemea adhana ya redio kutoka Dar es Salaam. Huko jua hutangulia kuchomoza kuliko Tarime na Mugumu kwa takriban dakika 20, zikizidi au kupungua kwa majira. Anayeswali kwa adhana ile huenda akaswali kabla ya wakati, na Swala hiyo haisihi. Saa zetu na zitegeshwe kwa ratiba ya hapa kwetu.

La pili ni kulala mapema. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili huhitaji usingizi wa saa 9 au zaidi. Basi baada ya Isha alale, televisheni izimwe. Mtume (s.a.w.) mwenyewe hakupenda mazungumzo baada ya Isha. Hakuna saa, hata iwe nzuri vipi, itakayomwamsha kwa upole mtoto aliyenyimwa usingizi.

Ile bakora sasa inachungia mbuzi. Na siku hizi, mara nyingi nikiingia chumbani, humkuta yule wa miaka minane amekwishafunua boksi mwenyewe, anamwamsha mdogo wake.

Tunamuomba Allah (s.w.) avijaalie vizazi vyetu viwe vyenye kusimamisha Swala kwa mapenzi. Amin.