Safari ya Mlimani: Nani Atakaa Wapi?



Desemba hii, inshaallah, zamu ya likizo ni ya wakwe zangu Mumias. Mtu wa Pwani hajihisi mgeni kule: misafara ya wafanyabiashara wa kwetu ilifika kwa Wanga tangu karne ya 19, na Uislamu ukabaki hata baada ya biashara ya pembe kwisha. Adhana ya alfajiri hupita juu ya miwa kama ipitavyo huku juu ya minazi. Lakini nchi yenyewe ni ya vilima vidogo, na watoto wanataka mlima mkubwa. Wanataka Elgon.

Shemeji yangu ana pikipiki ya magurudumu manne ya kuzungukia mashamba yake, na jirani yake amekubali kutuazima ya pili. Mpango wa wanaume ulikamilika kabla sisi hatujaulizwa: mashine zipakiwe kwenye pikapu, sisi tufuate kwa gari, tupite Bungoma na Kimilili hadi Kapsokwony, kisha tupande njia za mashambani. Watu tisa, mashine mbili. Nikauliza swali moja: nani atakaa wapi?

Baba watoto akajibu bila kufikiri. Mdogo wetu, mwenye miaka sita, atakaa mbele yake juu ya tangi, nami nyuma. Si ndivyo tunavyopanda bodaboda? Kweli ndivyo, Mungu atusamehe. Hapo tukakwama siku tatu.

Wengi hudhani magurudumu manne ni salama kuliko mawili. Mashine hii imara kwake ni pale ilipo tambarare. Kwenye mteremko, kinachoisawazisha ni mwili wa dereva: akipanda huinamia mbele, akishuka hurudi nyuma, akikata kona huegemea upande wa ndani. Kiti kimefanywa kirefu ili yeye apate kujisogeza, si ili apakie mkewe. Ukimbana kwa mtoto mbele na mama nyuma, umemfunga. Na ikipinduka, uzito wa kilo mia mbili na zaidi huwaangukia wote watatu. Nilimwomba mke wa shemeji aitazame ile ya kwao kama ina onyo la mtengenezaji. Akatuma picha. Onyo lilikuwepo, limefunikwa na tope: usipakie abiria, na aliye chini ya miaka 16 asiendeshe. Kwenye picha kinaonekana kidole cha mama mkwe, ndicho kilicholifuta tope hilo. Tangu siku ile sikubishana peke yangu.

Suala la mavazi halikutuchukua muda. Buibui na ncha za mtandio haviendi pamoja na ekseli inayozunguka. Suruali pana chini ya gauni lifikalo magotini, ushungi mfupi uliochomekwa ndani ya jaketi, helmeti juu yake, na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu: stara haikupungua hata chembe. Binti yetu wa miaka 17 ataendesha, baada ya kufunzwa na baba yake asubuhi mbili kwenye uwanja ulio sawa. Najua wapo watakaonikemea kwa hilo. Nimewasikia tayari, na wengine ni dada zangu.

Tumechagua Desemba kwa sababu upande ule mvua hupungua hadi Februari; udongo mwekundu ukilowa, hata anayekwenda kwa miguu huteleza. Tutaondoka baada ya Alfajiri ili tuwe tumeshuka kabla ya mawingu ya mchana, na Adhuhuri tuiswali Kapsokwony. Watoto wa Pwani wachukuliwe sweta: Mumias yenyewe iko kiasi cha mita 1,300 juu ya bahari, na kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa takribani nyuzi 6.

Ndani ya hifadhi ya taifa hatuingizi mashine hizi. Huko ni kwa kibali cha Shirika la Wanyamapori, si kwa kujiamulia. Watoto wameomba pia pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kutafuta chumvi. Nimekataa. Mwaka 1980, na tena mwaka 1987, watu wawili waliokuwa wamelizuru pango hilo waliugua homa ya Marburg wakafariki, na wa pili alikuwa kijana wa miaka 15. Popo wa mapangoni ndio wanaojulikana kubeba virusi vyake. Ndovu wetu tutawatazama Tsavo.

Basi mpango umebaki hivi. Kila mashine dereva mmoja, watu wazima na binti yetu wapokezane, mwendo wa polepole, na gari lifuate likiwa na maji, sanduku la dawa, chakula na wadogo wote. Mdogo wetu alilia sana. Bibi yake, ambaye huko humwita kukhu, amemwahidi kiti cha dirishani na filimbi: hakuna zamu itakayoanza mpaka aipulize.

Baba watoto bado hajatamka kwamba amekubali. Lakini jana baada ya Isha aliniuliza helmeti ya binti inauzwa kiasi gani.