Ndoa ya Mvua Haikufungwa Frankfurt

Kuna uhakiki wa aina moja ambao umenichosha. Filamu ikionyesha mwanamume na mwanamke wakikutana chini ya jua na mwezi, mhakiki wetu mbio kwenye alkemia: mfalme na malkia wa michoro ya Rosarium Philosophorum, iliyochapwa Frankfurt mwaka 1550, kisha Jung, kisha The Holy Mountain ya Jodorowsky (1973). Basi, kazi imekwisha. Eti huo ndio ufunguo wa kila mlango.

Mimi naandika nikiwa Singida, na nauliza: Mkalama hamkuiona? Wanyisanzu walikuwa na watemi wawili wa mvua, mwanamume na mwanamke, wote wa ukoo wa Anyampanda. Hata mawe ya mvua yana ya kiume na ya kike. Upande mmoja ukisusa, mvua hainyeshi. Serikali ilifuta utemi mwaka 1963, lakini mtafiti Todd Sanders alipofika miaka ya 1990 alikuta mila ya mvua ingali hai, akaiandikia kitabu kizima, Beyond Bodies (2008).

Najua mtasema: "Si kitu kilekile? Alama ni za dunia nzima." Hapana jamani. Katika michoro ile mfalme na malkia wanayeyuka, wanakuwa mwili mmoja wenye vichwa viwili. Isanzu hakuna anayemezwa. Wawili wanabaki wawili, na wala hawaoani, maana ni wa ukoo mmoja. Kinachotafutwa si dhahabu wala ukamilifu wa mtu mmoja. Ni mtama wa nchi nzima. Ukiwavalisha watemi hao joho la alkemia, umeifuta tofauti yote hiyo, halafu unaita uchambuzi.

Watengeneza filamu nao wana deni. Katika Bongo Movie nyingi, mila huingia kwa mlango mmoja tu: mganga, kaniki, tunguri na muziki wa kutisha. Wakati Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilishaonyesha kwamba mizimu inaweza kupigwa picha kwa heshima.

Wazee wanaojua kwa nini jiwe hili ni la kike hawatatusubiri. Someni Jung, sikatai. Ila kabla ya kuandika tena "muungano mtakatifu", pandeni basi la Mkalama, mkawaulize.